Pongezi kwa Mabingwa wa Ganzi

Mkulima wa pamba wa Nkololo ambaye gegedu la goti limelika, akawekewa goti bandia kule Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili, humshukuru kwanza daktari mpasuaji. Anastahili. Mimi leo nampongeza mtaalamu wa usingizi.

Mtazame kazini. Anapaka jeli pajani, anatelezesha kifaa cha ultrasaundi hadi aone kwenye skrini ateri ikidunda. Kando yake ndipo ulipo mshipa wa fahamu. Sindano inaingia taratibu, bupivakeini inauzunguka mshipa. Maumivu hupungua kwa saa nyingi, pengine siku nzima, na mgonjwa hahitaji mofini nyingi, inayoleta kichefuchefu na kusinzia.

Mahali pa kuchoma napo panataka ujuzi. Ganzi ikiwekwa kinenani, msuli wa mbele wa paja hulegea. Ndiyo maana wengi sasa huiweka katikati ya paja, ili mgonjwa asimame mapema akisaidiwa na mtaalamu wa viungo. Goti lisilokunjwa hukakamaa, hata likiwa jipya.

Ndugu msomaji, ukipangiwa upasuaji huo, muulize daktari wa usingizi kuhusu ganzi hii, na umtajie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.