Fundo la Mvuvi Kichwani mwa Bibi wa London

Matope ya kingo za mto Thames hayapitishi hewa, ndiyo maana yametunza hariri kwa zaidi ya miaka 600. Humo wanaakiolojia wametoa vipande vya nyavu za nywele za karne ya 14. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia, unaliona fundo ambalo mvuvi wa Bagamoyo au Lamu hahitaji kufundishwa: ni lile lile la wavu wa samaki.

Basi ugumu uko wapi?

Uko kwenye jicho. Kila jicho hupimwa kwa kijiti cha mviringo. Uzi hukizunguka mara moja, na mzunguko huo ndio unaotoa pande mbili za jicho. Anayetaka upande wa milimita 2 hutafuta kijiti chenye unene wa milimita 1.3 hivi, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kwa kipimo hicho, sentimita moja ya mraba hubeba mafundo 25. Wavu wa sentimita 20 kwa 25 una mafundo 12,500.

Sindano nayo si ya kushonea. Ni kijiti chembamba cha aloi ya shaba, kimepasuliwa ncha zote mbili kama uma, na uzi hukunjwa kwa urefu kutoka uma hadi uma. Ncha hubanwa zikaribiane zisije zikanasa. Ukiijaza uzi mwingi inanenepa na kugoma kupita. Ukiweka kidogo, kazi ni kuunga kila mara. Mfumaji huchagua adha yake.

Kinachoamua ni kidole gumba cha kushoto. Hubana uzi juu ya kijiti wakati sindano inapita nyuma ya jicho la juu na kuvutwa. Kikiachia mapema, fundo huteleza na kubaki kitanzi, na hariri huteleza kuliko katani. Kuupanua wavu ni rahisi: hufungwa vitanzi viwili katika jicho moja.

Hariri yenyewe ilitoka ng'ambo. Mwaka 1368 wanawake wa kazi ya hariri wa London walimshtaki Nicholas Sarduche, mfanyabiashara kutoka Italia, kwa kulimbikiza hariri ghafi na kuipandisha bei.

Sindano za wafumaji wa nyavu leo hutambulika kwa uma zake. Kile kijiti cha kupimia, hata ukikiokota, utadhani ni cha mshikaki.