Kicheko cha Jukwaani

Waliosoma katika shule za sekondari za Kitale na Bungoma, wakati Kidagaa Kimemwozea ilipokuwa riwaya ya kutahiniwa, aghalabu huikumbuka siku ya mchezo: waigizaji wamefika, ukumbi umejaa, na watu wa kitabuni wanatembea na kusema. Riwaya hiyo ya mwaka 2012 ni ya Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia pande za Kitale, akafariki mwaka 2020. Kwa hiyo furaha ya huko ilikuwa na ladha ya nyumbani.

Kumbukumbu hiyo ni tamu, lakini utamu wake una hila. Ukiuliza ni nani anayekumbukwa, utatajiwa Mwalimu Majisifu akipepesuka kwa ulevi, na kicheko kitaanza upya. Lakini kitabuni Majisifu ni mwizi. Aliiba mswada wa Amani, kijana maskini, akautoa kwa jina lake na kusifiwa. Ulevi huonekana kwa macho. Wizi wa namna hii hufunuka polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na jukwaa halina subira hiyo. Tukicheka tu, Amani huibiwa mara ya pili, nasi tunapiga makofi.

Sisemi kuwa mchezo ni kitu kibaya. Mchezo ni mlango, na mlango haufunguliwi ili mtu abaki kizingitini. Basi, msomaji kijana, ukiisha kucheka, rudi kitabuni ukamtafute Amani.