Wafasiri Wasiotumwa

Kufasiri ni kazi ya ugenini. Mfasiri huingia katika nyumba ambayo hakuijenga, huchukua maneno ambayo hakuyatunga, huwapelekea watu ambao mwenye nyumba hawajui. Akifanya vema, watu humsifu mtungaji. Akikosea, lawama ni yake peke yake. Basi mtu aifanyapo kazi hii bila ya ujira na bila ya kutumwa, hali akijua kwamba mwenye mali aweza kumshitaki, bila shaka amesukumwa na jambo kubwa. Ni haki yetu kuuliza jambo hilo ni nini, na ni wajibu wetu kupima kama kazi yenyewe imestahili hatari yake.

Kazi ninayotaka kuihakiki si tafsiri ya kitabu. Ni tafsiri ya Kiingereza ya mchezo wa video wa Kijapani uitwao Mother 3. Yamkini wapo watakaokunja uso kwa kusikia hivyo. Watasema kwamba mchezo ni mchezo, na uhakiki ni wa mambo ya maana. Nawasihi wangoje. Hadithi haiulizi kama imeletwa kwa mdomo wa bibi, kwa karatasi au kwa kioo chenye mwanga. Huuliza tu kama imesimuliwa vema.

Mother 3 ulitungwa na Shigesato Itoi, mtu aliyepata sifa Japani kwa uandishi wa matangazo ya biashara. Kampuni ya Nintendo iliutoa tarehe 20 Aprili 2006, uchezwe katika mashine ndogo ya mkononi iliyoitwa Game Boy Advance. Ulikuwa na kaka zake wawili: wa kwanza ulitoka mwaka 1989, na wa pili mwaka 1994. Wa pili ulipelekwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la EarthBound, na huko ukapata wapenzi wasiousahau. Wapenzi hao wakakaa wakimngoja mdogo wake. Waliambiwa kuwa atakuja katika mashine ya Nintendo 64. Mwaka 2000 mpango huo ukafutwa. Baadaye ukafufuliwa kwa sura nyingine, na mchezo ulipotoka hatimaye ukabaki Japani. Walikuwa kama watoto waliosimuliwa nusu ya ngano jioni, kisha msimulizi akahama mtaa.

Hapo ndipo kikundi cha watu wapatao kumi na wawili kilipojitolea. Kiongozi wao, Clyde Mandelin, alikuwa mfasiri wa Kijapani kwa kazi yake ya kila siku. Usiku akaufasiri mchezo huu bure. Walianza mwishoni mwa mwaka 2006, wakamaliza tarehe 17 Oktoba 2008. Saa walizotumia huhesabiwa kwa maelfu.

Ili tuuelewe uzito wa kazi hiyo, hatuna budi kujua namna ilivyofanyika. Ndani ya kaseti ya mchezo mna chipu iliyobeba kila kitu: picha, sauti, maneno na maagizo ya kuviendesha. Yaliyomo yakinakiliwa katika faili, faili hiyo huitwa romu. Programu ya kompyuta ijifanyayo mashine ya michezo, ikaisoma romu kana kwamba kaseti imechomekwa, huitwa emuleta. Sasa, maandishi ya Kijapani aghalabu hupangwa kila herufi katika mraba wa kipimo kimoja. Herufi za Kilatini hazikubali sheria hiyo, maana i ni nyembamba na m ni nene. Tena neno la Kijapani lenye herufi mbili laweza kudai herufi kumi za Kiingereza. Kwa hiyo wafasiri hawa hawakubadili maneno tu. Iliwapasa kubadili hata maagizo yanayoichora herufi katika kioo, na kuyafanya hayo bila ya michoro ya waliojenga mchezo, kama fundi anayeongeza chumba katika nyumba asiyojua nguzo zake zimefichwa wapi.

Kuna jambo jingine la kushika. Hawakugawa mchezo wenyewe. Waligawa kiraka, yaani faili yenye zile tofauti tu zilizopo baina ya mchezo wa asili na mchezo uliofasiriwa. Kiraka bila ya nguo hakimvishi mtu. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye mizani ya haki.

Sasa tuitazame hadithi. Katika kisiwa kimoja kuna kijiji kiitwacho Tazmily, ambako watu hawajui fedha. Mtu akihitaji kitu hupewa. Humo anaishi Flint na mkewe Hinawa na watoto wao pacha, Lucas na Claus, ambao hata majina yao ni herufi zile zile zilizopangwa kwa namna mbili. Jeshi geni lenye vinyago vya nguruwe linaingia kisiwani na kuwageuza wanyama wapole kuwa nusu mashine. Mmoja wa wanyama hao anamwua Hinawa alipokuwa njiani kurudi nyumbani na watoto wake. Flint anapewa habari hiyo usiku, kando ya moto, mbele ya majirani. Uchungu unamshinda, anaokota kijinga na kuwapiga watu wasio na hatia, mpaka anaangushwa na kutiwa kifungoni. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza msiba; ni vichache vilivyonionyesha kwa uwazi namna hii kwamba msiba wa mtu mmoja huweza kuupasua moyo wa kijiji kizima.

Baada ya jeshi anakuja mchuuzi. Analeta fedha, na analeta masanduku yang'aayo yaitwayo Masanduku ya Furaha. Nyumba inayolikataa sanduku hupigwa na radi. Miaka mitatu ikipita tunakuta reli, maduka, mishahara, na nyumba ya wazee inayovuja. Hakuna aliyelazimishwa kumsahau jirani yake, walakini wote wamemsahau. Mtungaji hahubiri, anamwacha mchezaji apite mlango kwa mlango, azungumze na watu aliowafahamu zamani, aone mwenyewe kilichopotea. Hii ndiyo faida ya mchezo juu ya kitabu: msomaji huambiwa kwamba kijiji kimebadilika, mchezaji hugonga mlango akakuta kimebadilika.

Hadithi ya namna hii yahitaji mfasiri mwenye mkono mwepesi, kwa sababu kicheko na kilio vinakaa chumba kimoja. Hapa Mandelin na wenzake wanastahili sifa kubwa. Kiingereza chao si kile kigumu cha mtu anayehesabu maneno ya kamusi. Wanakijiji huzungumza kama wanakijiji, wazee kama wazee, na mizaha yao haihitaji maelezo. Penye huzuni, wafasiri wamenyamaza mahali pa kunyamaza. Hawakuongeza chozi ambalo mtungaji hakulitia. Kijana anayejifunza kufasiri na ajifunze hapo. Kosa la wanagenzi wengi ni kudhani kwamba maneno mengi huleta uchungu mwingi.

Lakini sifa bila ya kasoro ni uchawa, si uhakiki. Natazama majina. Flint ni jiwe la gumegume, na hinawa kwa Kijapani ni utambi wa bunduki za kale. Mume gumegume, mke utambi: vyote viwili ni vya kuwashia baruti, na kweli nyumba yao ndiyo inayolipukiwa kwanza. Mfasiri ameliacha jina la Hinawa lilivyo, basi msomaji wa Kiingereza anapata nusu ya mfano na nusu inamponyoka. Hili simlaumu nalo. Jina la mama lina heshima yake, na hasara nyingine ni afadhali kuzivumilia kuliko kuziziba.

Jina la mchuuzi ni shauri jingine. Katika Kijapani anaitwa Yokuba, na ndani ya jina hilo mnasikika neno la Kijapani la tamaa, yoku. Mfasiri akaliacha, akamwita Fassad. Msomaji wa Kiingereza atalisikia kama jina geni tu, labda litamkumbusha neno lao la uso wa nyumba unaoficha yaliyo nyuma. Sikio la Mswahili halihitaji kamusi. Neno la Kiarabu fasad ndilo lililotuzalia fisadi na ufisadi, na hakuna mwanafunzi wa Kenya asiyejua uzito wa maneno hayo. Kwa werevu, jina hili limeshinda la asili: tamaa ni ugonjwa wa mtu mmoja, ufisadi ni ugonjwa wa kijiji, na mchuuzi huyu ameuambukiza kijiji.

Hata hivyo werevu una gharama. Mtungaji alimpa mwovu wake jina la Kijapani, la lugha yake mwenyewe. Mfasiri amempa jina la Kiarabu, na kwa kufanya hivyo amemfanya mgeni mara mbili. Wasomaji wa Marekani wa mwaka 2008 hawakukosa picha za Mwarabu mwovu. Walikuwa nazo tele. Sidhani kwamba mfasiri alikusudia ubaya. Lakini mfasiri hujibu hata kwa yale asiyoyakusudia, na sisi ambao lugha yetu imekunywa kisima hicho cha Kiarabu tuna haki ya kusema kwamba hapa neno zuri limewekwa mahali pa hatari.

Sasa tufike kwenye mizani. Je, walikuwa na haki ya kufasiri? Mwalimu Julius Nyerere alipolitoa tamthilia la Shakespeare la Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuhitaji kuomba ruhusa, kwani Shakespeare alifariki mwaka 1616. Itoi yu hai, na kampuni ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama sheria za nchi nyingi, humpa mwenye kazi uwezo wa kuikubali au kuikataa tafsiri. Kwa sheria, basi, kikundi hiki hakikuwa na pa kuegemea, na si vema kuwadanganya vijana kwamba kilikuwa napo.

Emuleta yenyewe ni kisa kingine. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony na Connectix, mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kuichunguza programu ya mashine ili kutengeneza chombo kingine cha kuchezea michezo yake si kosa, madhali chombo hicho hakikubeba programu ya mwenyewe. Lakini mlango huo si mpana kama wengi wadhanivyo. Mwaka 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya mashine ya Switch iliyokuwa ikiuzwa bado madukani, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4. Na mwaka 2016 Mwajentina mmoja alipoujenga upya mchezo wa Metroid II wa mwaka 1991 na kuugawa bure kwa jina la AM2R, kampuni ilitaka uondolewe mara moja. Miaka ya kazi ikafungiwa mlango katika siku chache.

Mgala muue na haki yake mpe. Kampuni ina haki, lakini wafasiri nao wana hoja. Hawakuuza. Hawakuugawa mchezo wa mtu. Walitangaza kwamba wangeacha endapo kampuni ingeufasiri, na mwaka 2013 Mandelin alijitolea kuipa kampuni tafsiri yake yote bure. Mwizi hamfuati mwenye mali akamwambia, chukua na jembe langu pia. Tena fikirini hatari ya kungoja. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Mashine huharibika, betri za kaseti hufa, maduka hufungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la michezo hii limeandikwa kwa sehemu kubwa na watu wasiotumwa. Mother 3 wenyewe ulitolewa tena mwaka 2024 katika mashine ya Switch, kwa Wajapani tu, miaka 18 baada ya kuzaliwa.

Hukumu yangu ni hii. Tafsiri ya mwaka 2008 ni kazi njema yenye doa moja linaloonekana na hasara kadhaa zisizoepukika. Walioifanya waliivuka sheria kwa adabu, na adabu hiyo haiifuti sheria; lakini mbele ya mizani ya fasihi, aliyeiokoa hadithi isizame ana daraja tofauti na aliyeiiba ili aiuze. Kijana apendaye kufuata nyayo zao asianze na romu aliyoiokota. Na aanze walipoanzia wao: kujifunza lugha ya watu wengine mpaka aweze kucheka kwa mizaha yao na kunyamaza kwa misiba yao. Hadithi zisizo na wamiliki, zinazongoja Kiswahili, ni nyingi kuliko wafasiri tulio nao. Huko hakuna mlango uliofungwa, na wala hahitaji kutumwa na mtu.