Koni Kubwa, Boksi Kubwa: Besi ya Sherehe kwa Mfuko Mdogo

Geuza sabufa yoyote iliyopangwa mbele ya maduka ya Kariakoo, usome kibandiko cha nyuma kabla ya maandishi ya mbele. Mbele utakuta wati elfu kumi, pengine na zaidi, zimefuatwa na herufi PMPO. Nyuma, karibu na waya wa umeme, pameandikwa matumizi ya umeme: wati 60, au 80, au 120. Namba ya nyuma ndiyo ya kuamini. Hakuna amplifaya inayoweza kuipa spika, wimbo mzima, nguvu nyingi kuliko inayovuta ukutani. Saketi za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme huo kwa joto. Zile za daraja D, zilizoenea siku hizi, hupoteza kidogo zaidi ya sehemu moja kwa kumi.

PMPO haina kanuni inayoifunga. Kila kiwanda huihesabu kinavyopenda, na hakuna sheria ya kuigeuza iwe wati za kweli, ambazo kwenye karatasi huandikwa RMS. Marekani walichoshwa na mchezo huu mapema: mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, na ndiyo maana amplifaya za miaka ile zilizouzwa huko zina namba ndogo zinazosimama hadi leo. Fungua sabufa nyingi za bei ya chini utakuta IC za TDA2030, na kila moja hutoa wati zisizofika 20. Hakuna ubaya wowote katika wati 20. Ubaya ni kulipia elfu kumi.

Mwenye fedha kidogo anayetaka sherehe ya nyumbani iliyoshiba besi aache kabisa kununua wati. Anunue upana wa koni, ukubwa wa boksi, na spika inayotoa desibeli nyingi kwa kila wati moja. Haya matatu ndiyo yanayofanya kifua kitikisike, na kwa bahati njema mawili ya kwanza hayahitaji teknolojia ya gharama.

Tuanze na koni. Besi ni hewa inayosukumwa, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo hewa nyingi zaidi inavyotakiwa. Ukitoka hezi 80 kwenda 40, kwa ukubwa uleule wa sauti, koni inabidi itembee mara nne zaidi. Koni ndogo haina pa kutembea kiasi hicho. Ikilazimishwa inakoroma, kisha inapasuka. Koni ya inchi 15 ina eneo la takriban sentimita za mraba 850. Ya inchi 12 ina kama 530, ya inchi 10 kama 350, ya inchi 8 kama 215, na ya inchi 5 na robo haifiki 90. Kwa hiyo spika moja ya inchi 15 ni sawa na nne za inchi 8, na mbili za inchi 12 zinaizidi hiyo moja ya 15. Hesabu hii nataka msomaji aende nayo dukani, kwa maana spika mbili za inchi 12 mara nyingi ni rahisi kupatikana, rahisi kubebwa, na zikiungua hubadilishwa moja moja.

Ilinganishe na JBL PartyBox 110, ambayo vijana wengi wanaitamani. Ni chombo kizuri, na wati zake 160 ni za kweli. Lakini spika zake za besi ni mbili za inchi 5 na robo, yaani jumla ya eneo lisilofika sentimita 180 za mraba, chini ya robo ya koni moja ya inchi 15. Kompyuta iliyomo ndani huinua besi sauti ikiwa ndogo, na huipunguza sauti ikipanda ili koni zisife. Watu kumi sebuleni watafurahi nayo. Watu arobaini uani, karibu na barabara ya bodaboda, watasikia muziki lakini mdundo hautawafikia.

Halafu kuna ile namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi: desibeli kwa wati moja, zikipimwa umbali wa mita moja. Spika za nyumbani huwa kati ya 84 na 88. Spika za jukwaani, zile zenye koni ya karatasi ngumu na ukingo wa kitambaa kilichokunjwa, huwa kati ya 95 na 100. Tofauti ya 86 na 98 inaonekana ndogo, lakini desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo desibeli 12 ni nguvu mara kumi na sita. Amplifaya ya wati 50 ikiendesha spika ya 98 inalingana na ya wati 800 ikiendesha ile ya 86. Kwenye sauti za chini kabisa pengo hupungua, kwa kuwa kipimo hiki huchukuliwa zaidi kwenye sauti za kati, hata hivyo linabaki kubwa vya kutosha kuamua fedha zako ziende wapi.

Hapa ndipo wengi hunaswa na sabufa za magari. Inchi 12, sumaku nzito, bei nafuu, zinapendeza machoni. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya chumba kidogo kilichofungwa, ambamo gari lenyewe huongeza besi. Koni zake ni nzito na zinakula wati nyingi kutoa sauti ya wastani. Ukizitoa garini ukaziweka uani, ule msaada wa gari umepotea, na juu yake unahitaji amplifaya ya volti 12 pamoja na chanzo chake cha umeme. Kwa sherehe ya nyumbani mimi sizipendekezi hata ukipewa kwa nusu bei.

Kuna kanuni inayojulikana kwa jina la Hofmann, mhandisi ambaye herufi ya jina lake ndiyo H katika kampuni ya spika ya KLH ya Marekani. Anasema hivi: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua mawili, la tatu usahau. Mwenye duka hukuahidi yote matatu. Kwa sherehe, uamuzi wangu uko wazi: kubali boksi kubwa, na kubali pia kwamba besi haitashuka chini ya hezi 45. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la kawaida uko hezi 41, na mdundo unaochezesha watu kwenye bongofleva, singeli au amapiano una sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya hapo. Hezi 30 ni anasa ya sinema.

Boksi lenyewe linatengenezeka mtaani. Seremala mwenye msumeno ulionyooka, plaiwudi ya milimita 18, gundi ya kutosha kwenye kila kiungo, mbao za kukaza ndani, na hapo una kitu ambacho kiwanda kingekiuza ghali. Spika nzuri huja na karatasi yenye vipimo vya Thiele na Small, wahandisi wawili ambao kazi zao, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1961 na nyingine ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilifanyika Australia na ndizo zilizoondoa kubahatisha katika utengenezaji wa maboksi. Tafuta kipimo kinachoandikwa Qts; kikiwa kati ya 0.3 na 0.45, spika hiyo inafaa boksi lenye tundu la hewa. Koni ya inchi 12 itaridhika na lita 50 hadi 70. Ya inchi 15 inataka lita 100 hadi 150.

Tundu ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi. Chukua boksi la lita 135, ambalo kwa ndani ni sentimita 60 kwa 50 kwa 45. Fundi akitoboa tu mwanya wa sentimita 45 kwa 6 kwenye ubao wa mbele, bila njia ya hewa kwenda ndani, boksi litaimba karibu na hezi 62. Utapata besi ya kelele, noti moja inayojirudia kwenye kila wimbo. Mwanya uleule ukijengewa njia ya kina cha sentimita kama 16, boksi linashuka hadi karibu hezi 45. Ni kipande cha ubao tu kinachotenganisha hizo mbili. Mwambie fundi kina unachotaka, usimwachie akadirie.

Jambo hili ni zito zaidi kwa anayepiga singeli. Muziki huu uliozaliwa kwenye vitongoji vya Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240, kati ya pigo na pigo kuna robo sekunde tu. Boksi linaloendelea kuvuma baada ya pigo kwisha linafunika pigo linalofuata, na badala ya mbio zile zinazowainua watu unasikia ngurumo moja isiyokatika. Boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu, hutoa besi pungufu lakini hukata upesi; kwa singeli tupu ningeliwaza kwa makini. Kwa taarabu na bongofleva, tundu lililopimwa vizuri linashinda.

Sasa watazame wenye muziki wa kukodi wanaopigia vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku. Maboksi yao ya besi hawayatawanyi kona nne za uwanja. Huyabananisha pamoja, chini, yakiegemea ukuta. Fizikia inawaunga mkono. Maboksi mawili yaliyogusana, kila moja na amplifaya yake, huongeza hadi desibeli 6 kwenye besi. Yakitengana huongeza kama 3. Sakafu na kuta nazo hurudisha besi mbele badala ya kuiacha isambae, na kila ukuta wa tofali za saruji ulio jirani na boksi unaweza kuongeza desibeli 3 hadi 6. Kona ya uzio ni amplifaya ya bure. Hakuna sehemu ya mfumo wa muziki inayotoa faida kubwa namna hii bila shilingi moja.

Ndani ya sebule mambo hubadilika kidogo. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 7, na chumba chenye urefu wa mita 3.5 kinalibeba nusu yake. Matokeo yake, waliokaa kando ya ukuta wanapigwa na besi nzito huku waliosimama katikati wakikaribia kuikosa. Usikimbilie kupandisha sauti. Sogeza watu, au sogeza boksi nusu mita kutoka konani, usikilize tena kutoka katikati.

Amplifaya ninaiweka mwisho katika matumizi ya fedha, kama robo ya bajeti. Izingatie kwa jambo moja: isisukumwe hadi mwisho wake. Amplifaya iliyozidiwa hukata vichwa vya mawimbi, na sauti iliyokatwa hubeba nguvu nyingi kwenda kwenye twita kuliko muziki wa kawaida. Ndiyo maana twita huungua usiku wa manane, DJ anapoongeza kwa sababu watu wameongezeka. Kitufe cha besi nacho kina gharama: ukiipandisha kwa desibeli 6 unaomba wati mara nne. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4, basi hakikisha nyuma ya amplifaya pameandikwa inaruhusu 4.

Ukinunua spika za mtumba, na kwa bajeti ndogo huko ndiko mali ilipo, bonyeza koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Ukingo wa sponji ukatae bila kujadiliana, hasa Pwani, kwa sababu joto na unyevu huula hadi ukawa unga. Ukingo wa kitambaa hudumu miaka. Beba betri ya volti 1.5. Gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: koni lazima itoke nje. Zipime zote mbili hivyo, kwani spika moja ikifungwa kinyume na mwenzake, moja inasukuma hewa nyingine inaivuta, na besi hupotea hata kama kila kifaa ni kizima.

Majirani watasikia, hilo halikwepeki, kwa kuwa ukuta huzuia sauti nyembamba na kuipitisha besi. Waambie mapema, elekeza maboksi mbali na madirisha yao, na baada ya saa nne usiku punguza besi kabla ya kupunguza sauti nzima. Mazungumzo na nyimbo vitabaki uani, na kinachowaamsha watoto wa jirani kitakuwa kimeondoka. Kwa masikio ya wageni wako, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 kwenye kumbi za burudani. Koni mbili za inchi 12 zenye desibeli 97, zikiwa konani na wati 50 kila moja, zinaweza kufikia au kuvuka kiwango hicho hata umbali wa mita nne. Kwa hiyo weka alama ya rangi kwenye kitufe cha sauti mapema mchana, uani kukiwa bado kutupu, na umwonyeshe atakayepiga muziki mahali pa kuishia.