Meli Haikuzama, Ilizamishwa: Filamu ya Das Boot na Hukumu ya Wanafunzi Wetu

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi ya kuhakiki filamu badala ya riwaya. Mwenzetu wa sehemu ya Kijerumani alituazima diski ya Das Boot, filamu ya Wolfgang Petersen iliyotolewa mwaka 1981, nasi tukaitazama kwa jioni mbili kwa sababu jioni ya kwanza umeme ulikatika nyambizi ikiwa bado chini ya bahari. Wanafunzi walicheka sana kwa hilo. Insha zilipofika mezani kwangu sikucheka tena, na makala haya yametokana na usahihishaji huo.

Insha zilikuwa za aina mbili. Za kwanza, ambazo ndizo nyingi, zilisema kwamba filamu hii haina mwovu, kwamba mabaharia wale walikuwa vijana wa kawaida waliotumwa na wakubwa, na kwamba dhamira kuu ni "vita ni vibaya". Za pili zilikuwa tatu tu. Hizo zilisema kwamba wote walikuwa Manazi na kifo chao kilikuwa halali yao. Mwanzoni nilizipa za kwanza alama nzuri na za pili alama hafifu. Baada ya kuzisoma upya nimeona kwamba aina zote mbili zilikwepa kazi niliyowapa, na kwamba mimi mwenyewe niliwasaidia kuikwepa.

Nianze na sarufi, maana ndiyo iliyonizindua. Katika insha za kundi la kwanza nilikuta sentensi kama hizi: "meli ya mafuta inazama", "watu wanakufa maji", "moto unatokea". Mwanafunzi wetu anajua vizuri kabisa tofauti ya kuzama, kuzamisha na kuzamishwa. Tumemfundisha kauli ya kutendesha tangu mwaka wa kwanza, na mtihani wake ameufaulu. Hata hivyo, alipoandika kuhusu kamanda anayetoa amri na topido inayotoka, alichagua kitenzi kisichokuwa na mtenda. Halafu nyambizi yenyewe inapopigwa mabomu ya kina, kauli inageuka: "wanashambuliwa", "wanateswa", "Waingereza wanawafukuza". Wakiumia Wajerumani mtenda anatajwa, wakiumia wengine mtenda anapotea. Sidhani kama kuna mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa makusudi. Filamu ndiyo iliyomfundisha.

Inafundishaje? Filamu imetokana na riwaya ya Lothar-Günther Buchheim ya mwaka 1973. Buchheim mwenyewe alisafiri katika nyambizi U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita, na riwaya yake inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Petersen ameuhifadhi mtazamo huo kwa kutuweka ndani ya bomba la chuma pamoja na mabaharia. Tunasikia wanachosikia wao: maji yanayodondoka, skrubu zinazofyatuka kwa uzito wa bahari, na mlio wa kifaa cha adui kinachowatafuta. Kwa muda mrefu hatuwaoni watu wa upande wa pili. Adui ni sauti tu, na meli zake ni vivuli. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana haki ya kutuonyesha anachokijua yeye tu, lakini mhakiki halazimiki kubaki humo bombani pamoja naye.

Kuna jambo dogo la tafsiri ambalo lilizidisha tatizo. Mabaharia humwita kamanda wao "Der Alte", nami katika karatasi ya maelezo niliandika "Mzee". Sikuona neno bora, na bado silioni. Lakini neno hilo kwetu si cheo tu, lina heshima na mapenzi ndani yake. Mwanafunzi akishamwita mtu Mzee kwa kurasa nne, hawezi kumuuliza maswali magumu katika ukurasa wa tano. Anayejua neno lingine anifahamishe.

Ipo sehemu moja ambapo filamu yenyewe inafungua mlango. Usiku, nyambizi inaibuka na kuikuta meli ya mafuta iliyopigwa saa nyingi nyuma ikiendelea kuwaka. Kamanda anaamuru topido ya mwisho. Ndipo inaonekana kwamba watu bado wamo melini. Wanaruka majini, wengine wakiwaka moto, na kuogelea kuelekea nyambizi wakiomba msaada. Kamanda anashtuka, anashangaa kwa nini hawakuokolewa na wenzao, kisha anaamuru nyambizi irudi nyuma. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye moyo wa filamu. Wanafunzi wengi waliandika kwamba sehemu hii "inaonyesha huzuni ya kamanda". Ni kweli inaionyesha. Lakini waliomo majini wana nini? Hawana jina wala sentensi moja ya kusema, na filamu inaendelea na huzuni ya waliowaacha.

Maandishi ya mwanzo wa filamu yanatuambia kwamba kati ya mabaharia 40,000 wa nyambizi za Ujerumani, 30,000 hawakurudi. Ni hesabu ya kutisha, na wanafunzi karibu wote waliinukuu. Hakuna hesabu ya upande wa pili. Mabaharia wapatao 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa katika vita vile, na hao hawakuwa Waingereza peke yao: walikuwemo Wahindi, Wachina, Wayemeni na Wasomali waliochochea makaa chini kabisa ya meli, mahali ambapo topido huingilia.

Sasa nigeukie wale watatu waliosema "wote ni Manazi". Kwao nina swali moja: wamfanyeje Oskar Kusch? Huyu alikuwa kamanda wa nyambizi U-154. Aliwasema vibaya wakuu wa Kinazi mbele ya maofisa wake, na ofisa wake wa kwanza akamshitaki. Mahakama ya kijeshi ya Kijerumani ilimhukumu kifo Januari 1944, akapigwa risasi huko Kiel tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Ilichukua mpaka mwaka 1996 jina lake kusafishwa. Mtu anayesema kwamba walikuwa sawa wote anaungana, bila kujua, na mahakama iliyomuua Kusch.

Lakini Kusch anawakosoa pia wale wa kundi la kwanza, na hata Petersen. Katika filamu, kamanda anawadhihaki wakuu wa Berlin mezani, na ofisa wa kwanza, ambaye ni Mnazi wa kweli, anakaa kimya na kukunja uso. Dhihaka hiyo haimgharimu kamanda chochote. Sisi watazamaji tunaburudika, tunampenda Mzee, na tunasahau kwamba baada ya mzaha ule anarudi kazini na kuzamisha meli kwa niaba ya watu haohao aliowadhihaki.

Kuna kesi moja ambayo ningependa kila mwalimu wa uhakiki aijue. Tarehe 13 Machi 1944 nyambizi U-852, chini ya Heinz-Wilhelm Eck, iliizamisha meli ya Kigiriki iitwayo Peleus, iliyokuwa imetoka Freetown kuelekea Amerika ya Kusini. Manusura walishika vyelezo na mabaki. Eck, kwa hofu kwamba mabaki yangeonwa na ndege na kumfichua, aliamuru yapigwe risasi na mabomu ya mkono. Kazi hiyo iliendelea kwa saa kadhaa gizani. Watu watatu waliokolewa wakiwa hai baada ya zaidi ya mwezi mzima baharini. U-852 yenyewe ilizunguka Afrika ya Kusini ikaingia Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa Mei ilishambuliwa na ndege za Uingereza ikapanda mwamba katika pwani ya Somalia, mabaharia wake wakakamatwa.

Oktoba 1945 watu watano walishitakiwa mjini Hamburg mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza iliyokuwa na maofisa wa Kigiriki pia. Eck, ofisa August Hoffmann na daktari Walter Weispfennig walihukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 30 Novemba. Baharia Wolfgang Schwender alipewa miaka 15. Wa tano ni mhandisi Hans Lenz, naye ndiye anayenisumbua. Lenz aliposikia amri alimwendea kamanda na kumwambia kwamba haikubali. Baadaye, alipomwona Schwender akifyatua rashasha, alimnyang'anya akafyatua mwenyewe, kwa maelezo kwamba Schwender hakustahili kutekeleza amri kama ile. Mahakama ilimpa kifungo cha maisha. Yeye na Schwender wote waliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Mhusika wa namna hii Das Boot haina. Hakuna anayekataa, na kwa hiyo hakuna anayekataa kisha akatenda. Kesi ya Peleus inatuonyesha kwamba ndani ya bomba lilelile, kwa amri ileile, watu watano walipimwa mmoja mmoja na kupewa hukumu zisizolingana. Hiyo ndiyo kazi niliyowapa wanafunzi: mpime mhusika kwa alichofanya na kwa nafasi aliyokuwa nayo ya kufanya vingine.

Najua hoja itakayoletwa, kwa sababu ililetwa darasani: je, washindi walihukumiwa? Ni swali halali. Huko Nuremberg, Karl Dönitz, mkuu wa nyambizi, alipewa miaka 10, lakini majaji walisema wazi kwamba adhabu hiyo haikupimwa kwa makosa ya vita vya nyambizi, kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoa amri ya kuzamisha meli zote katika eneo la Skagerrak na Marekani ilifanya hivyohivyo katika Pasifiki. Anthony Miers wa nyambizi ya Uingereza Torbay aliamuru askari wa Kijerumani wapigwe risasi wakiwa majini mwaka 1941, naye alistaafu akiwa na cheo cha juu. Aibu hiyo ni ya Waingereza, lakini haimfufui hata mmoja wa Peleus.

Na sisi tuna chetu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki mamia kwa mamia, pamoja na wauguzi. Karibu na visiwa vya Maldive nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa dakika chache, watu zaidi ya 1,200 wakafa. Nyambizi ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari ya Uingereza Petard ikadondosha mabomu ya kina palepale, kwa kuwa meli nyingine za msafara zilikuwa bado hatarini. Sijui ningemwambia nini kamanda wa Petard. Lakini najua kwamba nisingekubali mwanafunzi aandike "askari wa Afrika Mashariki walikufa maji" na kuishia hapo. Ningemtaka ataje wote wawili, aliyerusha topido na aliyedondosha mabomu, kisha aseme kwa nini si kosa moja.

Kwa hiyo nimezisahihisha insha upya. Mbili zimepanda, nyingi zimeshuka. Mmoja wa walioshuka, mwenye Kiswahili kizuri kuliko wenzake wote, alikuja ofisini na kuniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetuandikia Mzee." Ameomba insha yake isomwe na mwalimu mwingine. Nimempa mwenzangu wa chumba cha pili, naye bado hajairudisha.