Tango, Doluka na Juba: Uhakiki wa Masimulizi ya Asili ya Ngoma

Mzungumzaji wa Kiswahili asikiapo neno "tango" hufikiria kwanza tunda la bustanini. Dansi yenye jina hilo humjia baadaye, ikiwa imevaa suti na viatu vya kung'aa, kama mali ya Wazungu wa Argentina. Makala haya yanahakiki picha hiyo na kudai kwamba masimulizi ya asili ya ngoma ndiyo huamua nani akumbukwe. Hoja hiyo inaigusa Juba moja kwa moja.

Tango ilichipuka mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya wanyonge ya Buenos Aires na Montevideo. Humo walikutana wahamiaji kutoka Italia na Uhispania, wachunga ng'ombe waliohamia mjini, na wazawa wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mnamo 1778 watu wa asili ya Kiafrika walikaribia theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires. Sensa ya 1887 iliwahesabu chini ya asilimia 2. Vita, maradhi na wingi wa wahamiaji vinaeleza sehemu ya upungufu huo. Mwanahistoria George Reid Andrews, katika utafiti wake wa 1980, alionesha sababu nyingine: wengi walihamishiwa katika makundi mengine ya rangi. Walipunguzwa na kalamu pia.

Lugha ilihifadhi kile ambacho sensa ilikifuta. Milonga, jina la muziki uliotangulia tango na la mkusanyiko wa wachezaji wake, huelezwa na wengi kuwa limetoka katika Kimbundu cha Angola, likiwa na maana ya "maneno". Kiswahili nacho kina kitenzi longa, yaani kuzungumza. Ujirani huo unastahili kupimwa kwa kanuni za isimu linganishi, kwani mfanano wa sauti peke yake hautoshi. Maana hiyo hata hivyo inaangaza mvuto wa tango: wawili wasiojuana hukumbatiana na kutunga hatua papo hapo, mmoja akipendekeza na mwenzake akijibu. Ni mazungumzo ya watu ambao huenda hawakuwa na lugha moja.

Kitabu cha Robert Farris Thompson cha 2005 kilirejesha kwa nguvu mchango wa Waafrika, hasa wa Kongo, katika historia hii. Hiyo ndiyo thamani yake kubwa. Udhaifu wake ni kwamba shauku ya kutafuta mizizi humfanya msomaji asahau kuwa tango ni zao la mkutano. Kuondoa asili moja na kuweka nyingine mahali pake ni kurudia kosa lile lile kwa jina jipya.

Juba ina mfano wake. Lado, kaskazini kidogo ya mji huo, ilikuwa makao ya Emin Pasha alipotawala Ekwatoria. Mnamo 1891 Lugard aliwachukua askari waliobaki wa jeshi lake na kuwapeleka Uganda. Wazawa wao, Wanubi wa Bombo na Kibera, wanasema Kinubi, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu cha Juba, na harusini huchezwa doluka. Askari hao walitoka katika makabila mengi; kwa hiyo doluka, kama tango, haiwezi kuandikwa kuwa ya kabila moja.

Hapa ndipo sera inapohusika. Sensa ya mwisho kukamilika Sudan Kusini ni ya 2008, kabla ya uhuru. Ikiwa orodha ya urithi itapangwa kwa makabila pekee, ngoma za mchanganyiko zitakosa safu ya kuandikwa, kama walivyokosa watu weusi wa Buenos Aires. Argentina na Uruguay ziliwasilisha tango kwa pamoja, nayo ikaingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2009. Kongo mbili zikafanya vivyo hivyo kwa rumba mwaka 2021. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, inaweza kuiandika doluka pamoja na Uganda na Kenya, kwa Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Kazi hiyo ianze na wanawake wanaoiimba wakati bado wapo wa kuulizwa.