Senti Kumi ya Mwaka 1936

Edward VIII alikalia kiti cha ufalme wa Uingereza kwa muda usiofika mwaka, akakiacha Desemba 1936. Kwao, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuzagaa mikononi mwa watu. Huku Afrika Mashariki jina lake lilitembea masokoni kwenye senti tano na senti kumi, kwa kuwa sarafu hizo zilikuwa na tundu katikati, wala hazikuhitaji kichwa cha mfalme.

Moja ya senti kumi hizo ilifika mezani kwa mzee mmoja hapa Eldoret, imetolewa shambani, imevaa udongo na kijani. Nikamuuliza kama ataisugua kwa majivu na ndimu.

"Hayo ni ya sufuria, mwanangu."

Akaitia kwenye glasi ya maji ya betri, yale yasiyo na chumvi wala chokaa, si asidi. Siku tatu. Akamwaga, akatia mengine. Siku nne tena. Sikuwahi kumwona akiitikisa ile glasi.

Kisha asitoni, ile safi. Ya kuondolea rangi ya kucha huwa imetiwa mafuta na manukato. Dirisha wazi, jiko mbali. Asitoni huondoa grisi na kuiacha shaba ilivyo. Ndimu haichagui: huula uchafu, ikala na ule weusi wa kahawia ambao shaba imejitengenezea kwa miaka karibu tisini. Weusi huo ukishatoka haurudi, na mkusanyaji yeyote anayejua kazi yake ataiona sarafu iliyong'arishwa akairudisha mezani.

Kilichobaki alikifuata kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa, maana mti ni laini kuliko shaba. Alianzia tunduni, akashuka polepole kwenye pembe za ndovu zilizopinda pande mbili. Doa moja gumu la kijani akalipita. Chini yake, akasema, shaba imeshaliwa. Ukilibandua unabaki na shimo. Lingekuwa la unga, linaloenea, angeitenga sarafu hiyo na wenzake siku hiyohiyo.

Akaikausha kwa kitambaa cha pamba, akikibonyeza tu bila kukivuta, sarafu ameishika kwa ukingo. Akaisogeza dirishani. Zikaonekana herufi: E, D, W. Akaendelea kuisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho wa jina, kisha akachukua penseli na bahasha ndogo ya karatasi.